Mkono wa Askari ni wa Nani?

Kuna nyumba moja Mtoni, hapa Unguja, ambamo baba ni mstaafu wa JWTZ, jeshi la Muungano, na mwanawe ni askari wa KMKM, kikosi cha Zanzibar cha kuzuia magendo. Laasiri ikishapita, mzee huteremka barazani na birika lake la kahawa. Kijana, akiwa hana zamu, hupita akanywa kikombe hali amesimama, kama mtu anayesubiri daladala. Siku niliyowakuta, gumzo lilikuwa juu ya wanajeshi wa Marekani waliofukuzwa kwa kukataa chanjo ya UVIKO-19 na baadaye wakaambiwa wanaweza kurudi kazini.

"Mimi wangenilazimisha, baba, ningekataa," kijana alisema.

Mzee hakujibu. Aliingia ndani, akatoka na mfuko wa nailoni, ule unaotiliwa hati ya kiwanja na vyeti vya kuzaliwa, akachomoa kadi ya njano iliyochakaa mikunjoni. Ilikuwa kadi ya kimataifa ya chanjo ya homa ya manjano. Tarehe imeandikwa kwa wino wa buluu, 2013. Pembeni ipo namba ya toleo la dawa, na juu yake mhuri wa mviringo ambao nusu haisomeki tena. Mwaka ule alikuwa akijiandaa kwenda Kongo na kikosi cha kulinda amani cha Umoja wa Mataifa.

"Hii unadhani waliniuliza?" akasema. "Tulipangwa foleni, mikono ya shati juu. Haya, mwengine. Haya, mwengine."

"Hiyo homa ya manjano, baba. Ile nyengine."

Neno hilo, "nyengine", limebeba mzozo mzima. Baba na mwana walikuwa na hoja wote wawili, ila hawakuwa wakibishana juu ya jambo moja. Katika suala la chanjo ya lazima jeshini mna maswali matatu yaliyosukwa ukili mmoja. La kwanza ni la tabibu: chanjo hii inakinga nini, na ina madhara gani? La pili ni la kamanda: je, kumwambia askari achanjwe ni amri halali, ambayo kuikataa ni kosa? La tatu ni la watunga sheria: nani ana uwezo wa kumwekea kamanda mpaka? Watu huingia kwa mlango wa kwanza wakatokea kwa wa tatu bila kujua wamepitia wapi. Wabunge wa Marekani walipopiga kura yao Desemba 2022, swali walilolijibu lilikuwa la tatu. Wengi huku kwetu waliisoma habari ile kama kwamba bunge limethibitisha chanjo ni mbaya. Hakuna kifungu kilichosema hivyo.

Tuanze na kambi. Aliyepita JKT (Jeshi la Kujenga Taifa) au JKU (Jeshi la Kujenga Uchumi) anajua hanga lilivyo: vitanda vya ghorofa vimebanana, watu wanakula pamoja na wanakoga pamoja. Ugonjwa ukiingia kwa mmoja, baada ya siku chache nusu ya hanga wamelala. Ndiyo maana majeshi yalianza kulazimisha kinga kabla hata chanjo kama tunavyoijua haijabuniwa. Mwaka 1777 George Washington aliamuru askari wake wakingwe dhidi ya ndui. Wakati huo walikuwa wakimchanja mtu kwa usaha wa mgonjwa halisi wa ndui, njia ambayo iliua baadhi yao. Chanjo ya Jenner, iliyotokana na ndui ya ng'ombe, ilikuja miaka kumi na tisa baadaye. Washington aliliona hilo, akapima, akaamua kwamba ndui inawala askari wengi kuliko Waingereza.

Na sisi Afrika Mashariki tuna kumbukumbu yetu wenyewe, ingawa tumeigeuza soko. Jina la Kariakoo ya Dar es Salaam linatokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Wapagazi wale walikufa kwa makumi ya maelfu, na waliouliwa na kuhara, malaria na vichomi walikuwa wengi mno kuliko waliouliwa na risasi.

Kuna na upande ambao hausemwi sana: askari mgonjwa huambukiza raia pia. Mwaka 2010 kipindupindu kiliingia Haiti, na chanzo chake kilifuatiliwa hadi kwenye kambi ya walinda amani wa Umoja wa Mataifa waliotoka Nepal, ambayo uchafu wake ulitiririkia mtoni. Watu karibu elfu kumi walikufa. Umoja wa Mataifa ulichukua hadi 2016 kukiri kwamba ulihusika. Kwa hiyo anayesema "mwili ni wangu" akiwa amevaa sare ana neno, lakini kwa bahati mbaya bakteria hawaisomi katiba.

Mpaka hapo mzee wa Mtoni anashinda. Sasa tumsikilize kijana.

Tarehe 24 Agosti 2021 Waziri wa Ulinzi wa Marekani, Lloyd Austin, aliamuru wanajeshi wote wachanjwe dhidi ya UVIKO-19. Itazame tarehe. Siku moja kabla, yaani tarehe 23, mamlaka ya dawa ya nchi ile ilikuwa imeipa chanjo ya Pfizer kibali kamili. Kabla ya hapo ilikuwa ikitumika kwa kibali cha dharura, na sheria ya Marekani inasema dawa ya kibali cha dharura mtu ana haki ya kuikubali au kuikataa. Kwa wanajeshi, haki hiyo anaweza kuiondoa Rais peke yake, naye hakuiondoa. Waziri akasubiri kibali kamili, kilipotoka tu akatoa amri.

Hapo ndipo ulipozuka ubishi wa vichupa, ambao ukiusikia mara ya kwanza unaonekana mchezo wa kitoto. Kibali kamili kilikuwa cha chanjo yenye jina la Comirnaty. Vichupa vilivyokuwepo kwenye majokofu ya kambi vingi vilikuwa vya zamani, vyenye lebo ya kibali cha dharura. Madaktari wakasema dawa ni ile ile, imepikwa kwa namna ile ile. Askari waliokataa wakasema sheria haizungumzii namna ya kupika, inazungumzia kibali, na kibali kinafuata lebo. Binafsi naona madaktari walikuwa sahihi juu ya dawa, na askari walikuwa na haki ya kuuliza juu ya lebo. Mtu anaweza kushika yote mawili.

Wasiwasi wao ulikuwa na mizizi. Katika Vita vya Ghuba vya 1991, wanajeshi wa Marekani walipewa dawa za kujikinga na silaha za sumu na za vijidudu ambazo kwa matumizi yale zilikuwa bado za majaribio, na sharti la kuwaomba ridhaa lilikuwa limeondolewa. Wengi walirudi na maradhi ambayo sababu yake imebishaniwa miaka na miaka. Bunge likatunga sheria ya kuzuia jambo hilo lisijirudie kienyeji. Mwaka 1998 jeshi likaanzisha chanjo ya lazima ya kimeta, kwa hofu kwamba maadui wangetumia vijidudu vyake kama silaha. Askari wakaenda mahakamani, na 2003, kisha tena 2004, jaji akasimamisha ulazima ule, kwa hoja kwamba kibali cha chanjo ile hakikuwa kimekamilika kisheria kwa kimeta kinachoingia kwa kuvuta pumzi. Kwa hiyo aliyekataa mwaka 2021 alikuwa na hadithi ya baba yake au mjomba wake kichwani. Wengine, tuseme kweli, walikuwa na uvumi wa simu tu, na uvumi ule tuliupokea na sisi huku kwenye makundi yetu ya WhatsApp, umetafsiriwa vibaya.

Halafu dini. Baadhi ya askari Wakristo walikataa kwa sababu katika kutengeneza au kujaribu chanjo zile zilitumika seli zilizooteshwa maabara, ambazo asili yake ni mimba zilizotolewa miaka ya zamani. Maelfu waliomba kusamehewa kwa sababu ya imani na waliokubaliwa walikuwa wachache sana. Wapiganaji 35 wa kikosi maalum cha wanamaji wakafungua kesi, na tarehe 3 Januari 2022 jaji mmoja wa Texas akawapa zuio. Mwezi wa Machi mahakama ya juu ikalilegeza: ikasema jeshi la wanamaji linaweza kuangalia kama mtu amechanjwa au hakuchanjwa linapoamua nani apelekwe wapi. Kwa maneno mengine, mahakama ilikubali kwamba jaji hawezi kumpangia amiri nani apande manowari, hata kama swali kubwa la imani lilikuwa bado halijamalizwa.

Waliofukuzwa walikuwa zaidi ya elfu nane. Ukilinganisha na jeshi la kudumu la watu milioni moja na laki tatu, ni chini ya asilimia moja. Lakini kufukuzwa kuna daraja zake, na hapa ndipo bunge lilipoanza kutia mkono. Sheria ya ulinzi iliyosainiwa Desemba 2021 ilikataza mtu kufukuzwa kwa fedheha kwa kosa la kukataa chanjo hiyo peke yake. Aondolewe ama kwa heshima kamili, ama kwa daraja linalofuata. Wengi waliangukia daraja hilo la pili. Anayeondoka nalo hubaki na mafao kadhaa, lakini hukosa fedha za kusomeshwa chuo kikuu, na wapo walioingia jeshini kwa ajili ya fedha hizo hasa.

Mwaka uliofuata likaja pigo lenyewe. Kila mwaka bunge la Marekani hupitisha sheria kubwa inayoidhinisha matumizi ya ulinzi. Ya mwaka 2023 ilikuwa ya dola bilioni 858. Ndani ya kitabu hicho kizima walichomeka kifungu cha 525, mistari michache tu: Waziri afute amri ya tarehe 24 Agosti 2021 ndani ya siku 30. Serikali ya Biden haikukitaka kifungu kile. Ingefanya nini? Ili kukipinga, Biden angelazimika kuikataa sheria yote, yenye nyongeza ya mishahara na silaha na kila kitu, na kura zilikuwa 350 kwa 80 katika baraza la wawakilishi na 83 kwa 11 katika seneti. Akasaini tarehe 23 Desemba. Austin akaifuta amri yake tarehe 10 Januari 2023.

Ukiwasikiliza waliosukuma kifungu kile, hoja iliyowapa kura za pande zote haikuwa ya kitabibu. Jeshi la nchi kavu lilitaka kuruta 60,000 mwaka 2022, likapata upungufu wa 15,000. Waliuliza: unafukuza watu waliofunzwa kwa gharama, halafu unalalamika huna watu? Na kirusi cha Omikroni kilikuwa kimeshaonyesha kwamba aliyechanjwa naye huambukizwa na huambukiza, ingawa haugui vibaya kama asiyechanjwa. Hoja ya "mwenzako hanga moja" ikapungua nguvu. Tanbihi ndogo ambayo wengi waliiruka: kufutwa kule kuligusa chanjo ya UVIKO-19 tu. Pepopunda, surua, homa ya ini na nyengine zilibaki za lazima siku ile ile. Januari 2025 Rais Trump akaamuru waliofukuzwa kwa sababu hiyo peke yake warejeshwe wakitaka, kwa vyeo vyao na mishahara ya nyuma. Kwa hiyo mtu mmoja anaweza kuwa ameamrishwa achanjwe, akafukuzwa, akaambiwa amri imefutwa, akaitwa arudi, ndani ya miaka minne, na mkono wake ni ule ule.

Turudi Mtoni, kwa sababu swali la tatu huku kwetu lina milango miwili, na hapo ndipo watu wetu wanapopotea.

Mzee alikuwa JWTZ. Ulinzi na usalama ni jambo la Muungano. Limo katika Nyongeza ya Kwanza ya Katiba ya 1977. Amiri Jeshi Mkuu ni Rais wa Jamhuri ya Muungano, na mamlaka yake ya kuliamuru jeshi yapo chini ya masharti ya sheria inayotungwa na Bunge. Kwa hiyo kama siku moja utatakiwa mswada wa kulazimisha au kukataza chanjo kwa wanajeshi, mlango wake ni Dodoma, na hata wakaazi wa kambi za Migombani au Vitongoji Pemba wataguswa nao bila Baraza la Wawakilishi kupiga kura.

Kijana ni KMKM, Kikosi Maalum cha Kuzuia Magendo, wale wanaokesha baharini msimu wa karafuu kuzuia magunia yasivushwe usiku kwenda Mombasa. KMKM pamoja na JKU, Mafunzo (yaani magereza), Zimamoto na Valantia ni Idara Maalum za SMZ, Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, zinatokana na Katiba ya Zanzibar ya 1984. Kila moja ina sheria yake iliyotungwa na Baraza la Wawakilishi, Chukwani. Huyu anavaa sare, anapiga saluti, analala kambini Kibweni, lakini kisheria hayumo katika jeshi la Muungano. Amri ya Dodoma kwa wanajeshi haimfikii kwa sababu tu naye ni askari.

Ongeza jambo la tatu: afya si jambo la Muungano. Zanzibar ina Wizara yake ya Afya na sera yake ya chanjo. Tuliliona hilo kwa macho mwaka 2021, Bara ilipoanza na Janssen na Zanzibar ikapokea Sinovac ya China. Nchi moja, janga moja, dawa mbili, na pande zote mbili ikawa ni kwa hiari.

Basi chukua mwanajeshi wa JWTZ aliyeko kambini Unguja. Mwili wake kama mkaazi wa Zanzibar upo chini ya sera ya afya ya SMZ. Mwili huo huo ukivaa sare, upo chini ya amri ya Muungano. Serikali moja ikisema hiari na nyengine ikasema lazima, ipi inatangulia? Kwa maoni yangu inatangulia amri ya jeshi, kwa sababu ibara ya 64 ya Katiba ya Muungano inaliruhusu Bunge kutunga sheria inayotumika hadi Zanzibar likiwa ndani ya mambo ya Muungano, na nidhamu ya mwanajeshi imo humo. Mwanasheria mwengine anaweza kusema sindano ni tiba, na tiba si ulinzi. Hoja hiyo si ya kuchekwa. Ubishi wa vichupa nao ulianza hivyo hivyo, kwa neno moja kusomwa namna mbili.

Wamarekani wenyewe waligongana na ukuta huu. Kila jimbo lina Gadi ya Taifa, ambayo siku za kawaida hupokea amri kwa gavana na ikiitwa na Rais huwa chini ya Rais. Novemba 2021 gavana wa Oklahoma, Kevin Stitt, alisema askari wa gadi yake hawalazimiki kuchanjwa maadamu wako chini yake. Wizara ya Ulinzi ikamjibu kwamba wanalipwa na kufunzwa kwa fedha ya taifa ili wawe tayari siku wakiitwa, na asiyechanjwa hayuko tayari. Jaji wa kule Oklahoma alikataa kumpa gavana zuio aliloliomba. Kwa Texas, mahakama ya rufaa ilisema kinyume mwezi Juni 2023: askari ambaye hajaitwa na Rais, Rais hana kiboko cha kumchapa. Mahakama mbili, majibu mawili. Idara Maalum zetu hazifanani na gadi ile kwa kila kitu, ila swali ni ndugu wa damu: askari mwenye mabwana wawili anamsikiliza yupi kuhusu mwili wake?

Nakiri kuna kitu kinachonichekesha katika mijadala yetu ya chanjo ya lazima, maana ulazima huo tumeuzoea kuliko tunavyojua. Kila anayekwenda Hijja huchanjwa homa ya uti wa mgongo. Saudi Arabia iliweka sharti la chanjo ya aina nne baada ya mlipuko uliotokea miongoni mwa mahujaji mwaka 2000 na 2001, na bila cheti chake hupati viza. Sijawahi kumsikia hujaji wa Mkoani au wa Makunduchi akisema haki yake imevunjwa. Anapanga foleni, anachomwa, anamshukuru Mungu. Mwaka 2009 chanjo ya kunywa ya kipindupindu ilitolewa katika baadhi ya maeneo ya Unguja na Pemba kwa hiari, bila kumlazimisha mtu, na hata ambao hawakuinywa walipata kinga kiasi kwa sababu majirani zao walikunywa.

Lakini hujaji aliomba mwenyewe kwenda, na akighairi anarudi nyumbani kwake na hakuna anayemuuliza. Askari akighairi ni kosa. Tofauti hiyo ndiyo inayofanya sindano ile ile iwe jambo la zahanati kwa mmoja na jambo la bungeni kwa mwengine.

Nilirudi Mtoni baada ya siku kadhaa nikawaeleza habari ya milango miwili. Kijana alifurahi. "Kwa hiyo mimi wa Chukwani," akasema, "Dodoma haininusi."

Mzee alikuwa akiirudisha kadi yake ya njano kwenye nailoni. Nilimwambia kwamba kadi zile zamani zilikuwa za miaka kumi, hii ingekwisha 2023, lakini tangu 2016 zinahesabiwa za maisha. Akatikisa kichwa kama mtu aliyeongezewa pensheni. Kisha akamgeukia mwanawe.

"Mkipanda boti moja na wanamaji wetu, doria ya pamoja, na mmoja anakohoa?"

Kijana akatazama ndani ya kikombe. Ilikuwa imebaki mashapo tu.

"Ya nani boti?" akauliza.

"Ndiyo nakuuliza wewe," mzee akasema.